Mandhari bila Gati: Uhakiki wa Maneno ya Ziara ya Siku Moja katika Ziwa Kivu

Makala hii inahakiki aina ya matini ambayo mara chache huhesabiwa miongoni mwa tanzu za Kiswahili, nayo ni maneno ya ziara ya siku moja inayoongozwa. Kwa jina hilo inakusudiwa jumla ya usemi unaoambatana na safari ya mgeni tangu asubuhi hadi magharibi, yaani ratiba iliyopigwa chapa, maelezo anayopewa kabla ya kupanda chombo, na hotuba fupi fupi ambazo kiongozi huzitoa njiani na kwenye vituo vya kutazamia. Mfano unaochunguzwa ni ziara ya ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, kuanzia Goma, kama ilivyojengeka katika vipindi vya utulivu ambapo wageni waliweza kufika huko. Vipindi hivyo havikuwa virefu. Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ambayo kisiwa cha Tchegera ni sehemu yake, ilisimamisha utalii mwezi Mei 2018, ikafungua tena Februari 2019, ikafunga mara nyingine Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Na mji wenyewe wa Goma ulitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Hata hivyo matini haifi pamoja na biashara iliyoizaa. Hubaki vinywani mwa viongozi na hurudi vile vile ilivyokuwa, mara boti ya kwanza inapong'oa nanga. Kwa sababu hiyo inafaa ihakikiwe sasa, wakati imenyamaza.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Ziara ya Ziwa Kivu, ikipimwa kwa kanuni za utanzu wake yenyewe wala si kwa kanuni za kuazima, ina pengo katikati yake. Na pengo hilo lina jina, nalo ni Kituku.

Utanzu huu una asili ya mbali. Umbo lake kamili huonekana kwenye pwani za Bahari ya Mediterania, mathalani Cinque Terre na Amalfi nchini Italia, ambazo zote mbili ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Huko mgeni hupandishwa kwenye kituo cha juu, hutazama miteremko iliyokatwa matuta hadi karibu na bahari, kisha hukalishwa mezani akaonjeshwa divai. Msomaji anaweza kudhani kwamba mambo haya mawili, kutazama na kuonja, yamewekwa pamoja kwa ajili ya starehe tu. Sivyo. Miteremko inayotazamwa ndiyo iliyozaa zabibu, na zabibu ndizo zilizozaa kinachonywewa. Jicho huona chanzo, ulimi hupokea matokeo, na kazi ya kiongozi ni kuijaza nafasi iliyo katikati kwa maneno: nani alijenga kuta za mawe, nani hubeba vikapu, mavuno huanza mwezi gani. Muundo huu unaweza kuitwa umoja wa mandhari na kikombe. Ziara inayouvunja huwa matembezi mawili yaliyoshonwa kwa uzi wa saa.

Utanzu huo unapoletwa Goma, neno la kwanza linaloleta taabu ni pwani. Mfasiri anayehamisha ratiba kutoka Kifaransa hulikimbilia, kwa kuwa ndilo lenye sauti ya likizo. Lakini pwani ni mahali pa kupwa: maji hujaa, maji hupwa, na ardhi inayofunuliwa kati ya hali hizo mbili ndiyo iliyolipa neno hilo maana yake. Ziwa Kivu halijui mwendo huo. Limelala kwenye kimo cha takriban meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita meta 475. Pwani ya Kivu, basi, ni pwani kwa sitiari. Sitiari si kosa, ila kila sitiari huja na mizigo yake. Pwani huleta minazi, tanga jeupe na mchanga. Na mgeni akishuka akakuta mwamba mweusi wa lava iliyoganda, matini italazimika kumwomba radhi kwa jambo ambalo ndilo hasa lingekuwa fahari yake. Wavuvi wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania wana neno mwalo, yaani mahali samaki wanaposhushwa. Watu wa Goma husema tu ku ziwa, kwa kihusishi cha mahali kinachosimama peke yake badala ya kiambishi -ni cha Kiswahili sanifu. Ku ziwa haielezi sura ya mahali. Hueleza kwamba mtu ana shughuli huko: kuteka maji, kufua, kungojea chombo, kununua sambaza. Ni neno la mtu anayekwenda na kurudi, si la mtu anayetazama.

Neno la pili ni la kinywaji. Kiswahili kilipokea kinywaji cha zabibu kwa milango miwili: mvinyo kutoka kwa Wareno, na divai kutoka kwa Wafaransa, na hili la pili lilimezwa nzima pamoja na kibainishi chake, du vin, kiasi kwamba hakuna anayekisikia tena. Zabibu za Dodoma zimeipa divai makao nchini Tanzania. Kwenye miteremko ya Kivu, zao la kinywaji ni ndizi, na jina lake ni kasiksi. Matini ya ziara hufika hapa ikasita. Mara nyingine humpa mgeni divai iliyosafiri kutoka Ulaya au Afrika ya Kusini, na hapo umoja wa mandhari na kikombe unakufa papo hapo, kwa kuwa hakuna mlima wowote mbele ya macho uliozaa kinywaji hicho. Mara nyingine humpa kasiksi lakini huiita divai ya ndizi, kana kwamba jina lake la haki lingemwaibisha mtu. Tafsiri hiyo ina hasara mbili. Kwanza, inaiweka kasiksi katika shindano ambalo haikuliomba, ambamo itapimwa kwa rangi, harufu na umri wa chupa, ilhali yenyewe hainywewi ikiwa na umri. Pili, inamnyang'anya mgeni neno moja la kweli la mahali, ambalo angeweza kwenda nalo nyumbani bila kulipia mzigo.

Inafaa kueleza jinsi kasiksi inavyopatikana, maana hoja yote imo humo. Ndizi mbichi hufukiwa shimoni, hufunikwa majani ya mgomba na kuachwa zipate joto na kuiva kwa siku kadhaa. Kisha humenywa, hukandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke, na maji hayo huchujwa. Hadi hapo ni tamu na haileweshi. Hata mtoto hupewa. Ndipo huongezwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo kikafunikwa, na baada ya siku moja au mbili, au tatu, kinachofunuliwa ni pombe. Ni kazi ya mikono mingi na ya muda uliopimwa, nayo hutegemea kitu kimoja kabla ya vyote, yaani mikungu ifike. Migomba imeenea kisiwani Idjwi na kwenye miteremko ya Kalehe na Minova. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ambao kwa upande wa Kongo uligunduliwa Masisi mwaka 2001, uliwafundisha wapishi wa pombe kwamba hata shamba linaloonekana kijani kutoka majini linaweza kuwa limeoza ndani ya shina. Mikungu iliyo mizima huvuka maji kwa mitumbwi na boti, na mojawapo ya mahali inaposhukia ni Kituku.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kukaa kwa muda. Kituku ipo katika mtaa wa Kyeshero, magharibi ya katikati ya mji. Ni gati na soko kwa wakati mmoja, wala haielekei kwamba kuna mtu awezaye kuchora mstari kati ya hayo mawili. Chombo hufika, wapagazi huingia majini hadi magotini, mikungu, mihogo, viazi vitamu na maharage hushuka vichwani na mabegani, na kabla ya mzigo kukauka umekwisha kupata bei. Kutoka hapo huondoka kwa pikipiki au kwa chukudu, yule farasi wa mbao wa Goma ambaye mji ulimjengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Pembeni, watu wasiopata maji ya bomba huteka ya ziwa kwa madumu, ambayo Goma huitwa bidoni. Kituku, kwa ufupi, ndipo mlima wa ng'ambo unapogeuka kuwa kikombe cha ng'ambo hii. Kile ambacho kiongozi wa Cinque Terre hukieleza kwa maneno, kwa kuwa wabeba vikapu hawapo mbele yake kila siku, kiongozi wa Goma anacho mbele ya macho. Utanzu wenyewe unamlazimisha apite hapo. Matini hainaye, humtoa mgeni kwenye gati safi, humpeleka majini, humwonyesha milima kwa mbali, humnywesha, humrudisha. Mlima upo na kikombe kipo. Njia kati yao imefutwa.

Jinsi ilivyofutwa ni suala la sarufi kabla ya kuwa suala la nia. Vitenzi vya ziara hugawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mgeni, nalo huwa katika nafsi ya pili na wakati ujao: utapanda, utaona, utaonja, utarudi. Fungu la pili ni la mahali, na nyakati zake ni za daima: ziwa hung'aa, milima huinuka, jua hutua. Kati ya mafungu haya hakuna kitenzi cha mtu mwingine yeyote. Wenyeji hutajwa kama nomino, tena nomino ya jumla isiyo na tendo, iliyovikwa kivumishi: wenyeji wakarimu. Ni ajabu kwamba katika lugha yenye ngeli maalumu kwa ajili ya watu, ngeli hiyo ndiyo inayopata kazi chache kuliko zote.

Kuna ubaguzi mmoja, nao unathibitisha kanuni. Wavuvi wa sambaza hutajwa. Sambaza ni dagaa aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akapandwa katika Ziwa Kivu, naye huvuliwa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma. Wavuvi hao hupiga makasia wakiimba. Matini huwapenda sana. Huwapenda kwa sababu wako mbali, jua likiwa nyuma yao, na kwa umbali huo kazi imekwisha kuwa picha. Mvuvi huyo huyo akifika Kituku alfajiri na ndoo zake, akabishana na mnunuzi juu ya bei, hatajwi tena.

Si haki kumlaumu kiongozi peke yake. Matini aliyonayo ameirithi. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, Kivu ilisifiwa kuwa Uswisi ya Afrika, na vitabu vya kuwaongoza wasafiri vilivyotolewa Brussels viliandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya msomaji aliyekuwa tayari ameiona Uswisi. Tashbihi hii ina kasoro ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona: inamtaka msikilizaji akitambue kisichojulikana kwa kujulikana, ilhali kwa mtu wa Goma kinachojulikana ni Kivu na kisichojulikana ni Uswisi. Inapotafsiriwa kwa Kiswahili na kusemwa mbele ya wageni kutoka Nairobi, Kampala au Lubumbashi, haimfafanulii mtu kitu chochote. Inamwarifu tu kwamba mahali hapa pamekwisha kutazamwa na wengine waliokuwa na haki ya kulinganisha. Jicho hilo la kwanza lina tarehe. Gustav Adolf von Götzen alifika huko mwaka 1894, akaupanda mlima wa Nyiragongo na kulifikia ziwa, kisha mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari yake. Msomaji wa historia ya Tanganyika anamfahamu kwa cheo kingine, cha gavana wa Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Aliyetazama mandhari ndiye aliyekuja kutawala, na haihitajiki kusema zaidi ya hapo.

Lakini Kiswahili kina urithi wake wa kusimulia safari, nao ni wa wakati ule ule. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, ambamo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na Selim bin Abakari safari yake ya Urusi na Siberia. Wasimulizi hao walikuwa watu wa msafara, si wa kileleni. Safari ya bara katika usimulizi wa namna hiyo hupimwa kwa siku za mwendo, kwa maji yaliyopatikana au kukosekana, kwa chakula, kwa hongo. Mlima hutajwa kwa kuwa umechelewesha mizigo. Hapana budi kukumbuka pia kwamba neno kiongozi, ambalo leo hupewa rais na mwonyesha njia bila ubaguzi, lina ndugu yake wa zamani kirangozi, mtu aliyetangulia mbele ya msafara na ambaye nyuma yake kila mmoja alikuwa na mzigo. Kiongozi wa ziara anayetafuta sauti ya Kiswahili haimlazimu aivumbue. Anayo sauti inayohesabu mizigo. Anachokosa ni ruhusa ya kuitumia, kwa kuwa aliyeandika ratiba alidhani kwamba lugha ya safari ni moja tu duniani.

Vituo vya kutazamia vinastahili maneno machache, kwa kuwa ndipo matini inapofanya vizuri zaidi na pia inapojikwaa. Kilima cha Goma, kando ya bandari kuu, humpa mtu ziwa upande wa kusini na Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470, upande wa kaskazini. Kiongozi mzuri hapo huonyesha kwa kidole njia ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, kisha ile ya tarehe 22 Mei 2021, iliyokomea pembezoni. Hapo usemi wake hubadilika. Vitenzi vya watu hurudi: walikimbia, walirudi, walijenga juu ya mwamba ule ule. Ni dakika chache, nazo huonyesha kwamba uwezo upo. Tatizo ni kwamba matini huyachukulia hayo kuwa historia ya mlima, si ya watu, na mara mgeni akishuka kilimani vitenzi hivyo huachwa kileleni.

Aidha, kituo cha juu kina upungufu wake wa kimaarifa. Kuzunguka Goma, ardhi hutoa hewa ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama mabondeni na kwenye mashimo kando ya ziwa. Watu huiita mazuku. Neno hili limefanya safari kubwa: wataalamu wa volkano wa lugha mbalimbali hulitumia bila kulitafsiri, na wakilieleza husema ni upepo mbaya. Sikio la Kiswahili husikia ndani yake kitenzi zuka na nomino mzuka, kitu kinachotokea ghafla na kisichoshikika. Mazuku haionekani kutoka juu. Huua walio chini: mbuzi, mtoto aliyeinama, mwogeleaji kwenye kighuba kisicho na upepo. Mama wa Kyeshero anajua ni bonde gani mtoto asipelekwe asubuhi na mapema, na ujuzi huo ni wa mtu aliye usawa wa maji. Ziara inayodai kueleza mahali, huku ikikaa daima mahali pa juu, inajinyima neno ambalo ulimwengu mzima umelikopa kutoka huko chini.

Hadi hapo uhakiki ungeweza kuonekana kuwa wa mapambo tu, yaani kwamba matini fulani ingekuwa nzuri zaidi kama ingeongeza kituo. Jambo ni zito kuliko hilo. Mwezi Februari 2024 vita ilipoifunga barabara ya Sake kuelekea Minova, ziwa ndilo lililobaki njia kuu ya chakula na ya watu kutoka upande ule. Vyombo vilijazwa kuliko uwezo wao. Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi, iliyotoka Minova na kuelekea Goma, ilipinduka ikiwa karibu kufika Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Hesabu za waliokufa zilizotolewa na wakuu wa mikoa miwili hazikulingana. Iliyotangazwa kwanza ilitaja watu 78. Tayari mwaka 2019, baada ya ajali nyingine katika ziwa hilo hilo, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameagiza abiria wavae majaketi ya kuokolea maisha.

Mhakiki wa matini hana la kusema juu ya uhandisi wa vyombo. Ana la kusema juu ya orodha. Kila ziara ya siku moja huanza na tendo la maandishi ambalo mgeni halitilii maanani: jina lake huandikwa, huhesabiwa wakati wa kupanda, huhesabiwa tena wakati wa kushuka, na hapo katikati huvishwa jaketi na kuonyeshwa namna ya kulifunga. Katika maneno yote ya siku hiyo, hayo ndiyo yenye thamani kubwa, ingawa ndiyo yasiyo na ufasaha wowote. Kutolingana kwa hesabu za Oktoba 2024 kunaonyesha, kwa ukali usiohitaji ufafanuzi, kwamba kwenye maji yale yale kuna vyombo ambavyo abiria wake wana majina na vyombo ambavyo abiria wake ni makisio. Matini ya ziara huchukua mandhari moja na kuigawa katika maji mawili bila kutaja mpaka. Mgeni akitazama kwa darubini mtumbwi uliojaa mikungu, husikia kwamba ni picha nzuri ya maisha ya ziwani. Hasikii swali ambalo lingekuwa la kawaida kabisa kwa msimulizi wa Safari za Wasuaheli: wamo wangapi humo, na nani amewahesabu?

Yumkini patakuwa na pingamizi. Itasemwa kwamba mtu aliyelipia siku moja ya mapumziko hakulipia majonzi, na kwamba kumpeleka Kituku kutazama mahali watu walipofia ni kugeuza msiba kuwa kituo kingine cha kutazamia. Sehemu ya pili ya pingamizi hili ni ya haki kabisa. Ziara ya namna hiyo ingekuwa mbaya kuliko ya sasa, kwa kuwa ingeendeleza jicho lile lile na kulipa kitu kipya cha kutazama. Lakini hoja ya makala hii haimwombi mgeni kutazama Kituku. Inaomba Kituku irudishwe katika sentensi mahali pake pa kisarufi, yaani kuwa mahali pa kutendea. Mgeni apande chombo hapo, kwa sababu ndipo watu wanapopanda. Jina lake liandikwe hapo, na ajue kwamba limeandikwa kwa ajili gani. Aone mikungu ikishuka kwa kuwa ndiyo atakayoinywa jioni. Kuhusu sehemu ya kwanza ya pingamizi, jibu ni kwamba furaha ya utanzu huu tangu Italia haikuwa furaha ya kutojua. Mlaji wa Cinque Terre huambiwa jinsi matuta yalivyo kazi ngumu ya kubomoka na kujengwa upya, na divai yake haichachi mdomoni kwa habari hiyo. Kwa nini kasiksi ichache?

Imebaki kuonja kwenyewe, na hapa tofauti ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa na wote wanaotafsiri. Katika kuonja divai kwa namna ya Ulaya, anayeonja kwanza ni mgeni. Yeye ni hakimu. Mwenye divai husimama akingoja hukumu. Katika nchi za Maziwa Makuu mpangilio umepinduliwa. Mwenye pombe ndiye anayetangulia kuonja mbele ya mgeni wake, ili ijulikane kwamba hamna sumu wala hila, kisha hukipitisha chombo. Tendo lile lile, kitenzi kile kile onja, lakini kiima kimehama, na pamoja nacho maana yote ya tendo. Huku ni kuhukumu, kule ni kudhamini. Ratiba inayosema "wageni wataonja kasiksi" imekosea kiima. Ilipaswa kuanza na mwanamke aliyeipika.

Akipewa nafasi hiyo, mwanamke huyo hatasema Kiswahili cha ratiba. Atachanganya, kama Kituku nzima ichanganyavyo: Kiswahili cha Goma, Kihavu ikiwa ametoka Idjwi, Kinyarwanda, na Kifaransa kidogo cha bei. Kiongozi atakuwa na kazi ya kufasiri, na atagundua upesi kwamba vituo vya kupikia vina majina na kwamba majina hayo hayana ndugu katika msamiati wa divai. Yale maji matamu kabla ya mtama, ambayo Kinyarwanda huyaita umutobe, si kasiksi bado. Yakipita siku zake si kasiksi tena. Mgeni ataka kuuliza ni ya mwaka gani. Jibu sahihi litakuwa siku: ilifukiwa Jumapili, ilikandwa Alhamisi, mikungu ilishuka Kituku kwa boti ya Jumamosi iliyotangulia, na mwenye boti ni fulani.